Shoka Lililoanguka Majini

Neno la wiki: 2 Wafalme 6:1–7



Mwezi uliopita alikuja ofisini binti mmoja wa usharika wetu aliyemaliza kidato cha sita na sasa anajiandaa kwenda chuo. Ilikuwa asubuhi ya baridi ile tunayoijua wenyewe watu wa Njombe, ukungu umelala kwenye mashamba ya chai hadi saa nne. Alikuwa amekumbatia kitu kifuani, amekizungushia kanga mara mbili kama mama anayetoka kliniki na kichanga. Akaniamkia, akaketi, akakifungua taratibu juu ya meza. Laptopu. Kona moja ya mfuniko imepasuka, herufi A na E zimefutika kwenye kibodi, na bawaba ya kushoto imelegea hata kioo hakisimami mpaka ukiegemeze kwenye kitabu.

"Baba Mchungaji," akasema, "ni ya bei rahisi tu. Kuiwasha peke yake ni dakika sita, saba. Wenzangu wananicheka. Nimekuja kuuliza kama ni sawa baba aiuze, akope kidogo, tununue ya maana."

Baba yake aliinunua kwa shilingi 320,000. Fedha hiyo ni viazi. Nilipita kwenye shamba lile msimu uliopita, nikamkuta mama na watoto wakifukua matuta kwa mikono, na ninajua gunia lilikwenda kwa bei gani mvua ilipoharibu barabara. Ndiyo maana lile neno "tu" lilinichoma. Binti huyu hana dharau, ni mtoto mwenye adabu. "Tu" hiyo ameiokota kwetu sisi wakubwa. Kila kilicho chetu tunakiita hivyo: kajumba tu, kashamba tu, kasimu tu. Tukishakiita hivyo tunaacha kukitunza, na tukiacha kukitunza kinaharibika, halafu tunasema, si mnaona, vya bei rahisi ndivyo vilivyo.

Nilimwomba aiache ofisini siku chache kabla baba yake hajakopa. Tukafungua Biblia, tukasoma pamoja habari ya Elisha na wana wa manabii kule Yordani.

Ni habari fupi, mistari saba, na wengi wetu tunaipita haraka kuelekea miujiza mikubwa. Wanafunzi wa Elisha walikuwa wamebanwa na nafasi mahali walipoishi. Wakaenda mtoni kukata miti ya kujengea. Mmoja wao akiwa anakata, chuma cha shoka kikachomoka kwenye mpini, kikazama majini. Akalia kwa uchungu, kwa sababu shoka lile halikuwa lake, aliliazima. Chuma zama zile kilikuwa ghali, na mwanafunzi wa nabii hakuwa mtu wa fedha. Kulilipa kungemchukua muda mrefu.

Sasa angalieni habari hii imewekwa wapi. Sura iliyotangulia inamhusu Naamani, jemadari mkuu wa jeshi la Shamu. Mistari inayofuata inahusu vita, farasi, magari ya moto yaliyojaa mlimani, kisha mji wa Samaria uliozingirwa mpaka watu wakaishiwa chakula. Mambo ya wafalme na majeshi huku na huku, na katikati yake Neno la Mungu limesimama kando ya mto kwa ajili ya chombo cha kazi cha kijana maskini. Elisha hakumwambia kwamba kuna mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Hakumwambia akatafute shoka zuri zaidi. Alimuuliza mahali lilipoangukia.

Nimelihubiri fungu hili mara kadhaa, lakini swali hilo sikuwahi kulisikia vizuri mpaka nilipomsikia fundi akiuliza vilevile.

Tunaye kijana kwenye kwaya yetu, mwimbaji wa besi, ambaye kazi yake ni kutengeneza simu na kompyuta karibu na stendi. Tulimpelekea ile laptopu, mimi na binti. Hakuishangaa wala hakuicheka. Alimuuliza binti, "Inakwama wapi? Ukiwasha, au ikishawaka? Ukifungua kitu kimoja, au ukifungua vingi? Ikishapata moto, au hata ikiwa ya baridi?" Watu wengi, aliniambia baadaye, humletea mashine na neno moja, "imekufa," na kwa neno hilo fundi hawezi kufanya kitu. Kijana wa shoka alionyesha mahali. Binti naye akaonyesha: inakwama tangu inapowashwa, na feni inalia kama inataka kuruka.

Nilibaki pale nikitazama. Akageuza laptopu kifudifudi, akatoa skrubu moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye kifuniko cha chupa. Mfuniko ulipotoka tuliona vumbi limeshonana kwenye feni kama sufi ndani ya mto. Akalichomoa kwa kibano, kipande kizima, kikabaki na umbo la feni. Chini yake, ile dawa ya kupoza inayopakwa juu ya prosesa ilikuwa imekauka na kugeuka unga wa chaki. Akaifuta kwa spiriti, akapaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Kisha akanionyesha diski. Ni diski ya zamani, ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika, na ndani yake kuna kijimkono kinachokimbia huku na huko kutafuta maandishi. "Hii ndiyo inayomchelewesha," akasema. "Kompyuta yenyewe haina ubaya." Akaitoa, akaweka SSD ya GB 240, ambayo haina kitu kinachozunguka na inaingia palepale ilipokaa ile ya zamani. Kutoka kwenye mashine iliyokufa kabisa ya mteja mwingine, ambaye alimwachia vipuri, akachomoa RAM ya GB 4 akaiongeza kwenye GB 4 zilizokuwemo. Bawaba akaikaza kwa bisibisi.

Gharama yote pamoja na ufundi ilikuwa shilingi 95,000. Alipobonyeza kitufe, binti alihesabu kwa saa ya simu yake. Sekunde ishirini na mbili. Akaziba mdomo kwa kiganja.

Wapendwa, habari hii si ya mashine peke yake. Binti alikuwa tayari kuingiza familia kwenye deni kwa sababu ya vumbi na diski. Ni mara ngapi tunakopa kwenye vikoba ili kubadilisha kitu ambacho kilihitaji kusafishwa? Wazee walituachia neno la kutokuacha mbachao kwa msala upitao, nasi tunalisema harusini na kwenye siasa, lakini dukani tunalisahau.

Hata hivyo, si kila cha bei nafuu ni nafuu kweli, na hapa naomba nizungumze kama mtu aliyewahi kuumia. Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri kwenda Dar es Salaam na fedha niliyokusanya kwa muda mrefu, nikanunua laptopu ya mtumba Kariakoo. Muuzaji alinionyesha stika ya prosesa ya Intel: Core i7. Nilijua saba ni kubwa kuliko tano na tatu, nikatoa fedha. Nyumbani nikaja kuelewa kwamba ilikuwa i7 ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011, na betri yake ilikaa dakika kumi na tano. Stika haikudanganya. Mimi ndiye sikujua kusoma. Baada ya zile herufi i3, i5 au i7 kuna namba ndefu, na mwanzo wa namba hiyo ndio unaokuambia kizazi: ikianza na 2 ni kizazi cha pili, ikianza na 8 ni cha nane. Mara nyingi i3 ya kizazi cha nane itaishinda i7 ya kizazi cha pili, tena kwa moto mdogo na umeme mdogo.

Na mpya ya bei ya chini? Wazazi wengi wanapenda boksi lililofungwa, na siwalaumu, mpya ina harufu ya heshima. Lakini nyingi za bei ya chini kabisa zimetengenezwa zisifunguke: RAM imechomelewa kwenye bodi, GB 4 na basi, na hifadhi ya GB 64 nayo imechomelewa. Unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho. Laptopu ya mtumba iliyotoka maofisini Ulaya au Marekani huwa ni nzito, haina urembo, lakini nyingi zake hufunguka kwa bisibisi ya kawaida, diski inabadilishwa, RAM inaongezwa, na kibodi zake zilitengenezwa kwa watu wanaoandika kutwa nzima. Kwa maoni yangu, mzazi mwenye laki tatu au nne anunue inayofunguka. Awashe mwenyewe palepale dukani. Abonyeze kila herufi. Achomoe chaja aone betri inashuka kwa kasi gani. Aizime na kuiwasha tena aone kama haidai nywila ya kampuni iliyokuwa nayo zamani, maana kufuli hilo likiwepo, mafundi wengi hawaliwezi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mwenzenu limenisumbua dhamiri.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya ulinzi kwa Windows 10, mfumo waliouanzisha mwaka 2015. Mashine haizimiki siku hiyo, inaendelea kufanya kazi, lakini matundu mapya yanayogunduliwa na wezi wa mtandaoni hayazibwi tena kama zamani. Windows 11 nayo inadai vifaa ambavyo laptopu nyingi za zamani hazina: kipande cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel, kwa ujumla, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kwa hiyo kuna mashine nzima, zenye afya, ambazo zimeambiwa umri wake umekwisha.

Tunachofanya sisi tunakijua. Tunakwenda kwa mtu "kupiga Windows" kwa elfu kumi, anatupigia iliyovunjwa kufuli, na juu yake anatupakia programu za ofisi zilizovunjwa kufuli pia. Mara nyingi virusi vinaingia kwa mlango huohuo, kwa sababu aliyevunja kufuli la mwenzake hakushindwa kuacha na kitu chake ndani. Mahubiri yangu ya miaka minne niliyaandika kwa programu ya namna hiyo. Nilifundisha watoto wa kipaimara amri ya saba, Usiibe, nikawaeleza maana yake kama Luther alivyotufundisha, kisha nikarudi ofisini kuchapa mahubiri kwa kitu cha wizi. Sikuliona kosa hilo kwa sababu kila mtu alikuwa nalo. Siku nilipoliona nililia, na sisemi hivi kwa kupamba.

Kijana wetu wa kwaya ndiye aliyenitoa hapo. Alinionyesha Linux. Mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Ufini, aitwaye Linus Torvalds, akiwa na miaka ishirini na moja, aliandika kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta, akaufungulia ulimwengu: asomaye asome, arekebishaye arekebishe, na anayeutaka auchukue. Simu za Android mlizonazo mifukoni zimejengwa juu ya kiini hicho. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha toleo lake na kuliita Ubuntu. Neno hilo la Kizulu na Kikhosa ni ndugu wa damu wa neno letu la utu. Mwaka huohuo watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao walitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice. Leo wengi wanatumia LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, nayo ni bure, inaandika barua, inapiga hesabu, na inafungua mafaili ya Word tunayotumiwa na dayosisi.

Laptopu ya binti sasa ina Linux Mint, toleo jingine la Linux. Haikumgharimu shilingi, haijaibwa kwa mtu, na inapata masasisho yake. Siku mbili za kwanza alilalamika kwamba vitufe vimehama. Siku ya tatu hakulalamika. Yako mambo machache ambayo hayafanyi kazi humo, hasa programu maalumu za fani fulani, na anayesomea fani hiyo aulize chuo chake kabla ya kuhama. Lakini kwa sisi tunaoandika taarifa, kutunza hesabu, kusoma na kutuma barua pepe, sioni sababu iliyobaki ya kuiba. Hakuna.

Najua wapo watakaosema mchungaji ameacha Injili anahubiri kompyuta. Ndugu zangu, mwana wa nabii alikuwa anakata mti. Kazi yake ya kiroho siku ile ilikuwa shoka.

Nikumbushe jambo lililotupata hapa nyumbani, nanyi wazee wa kanisa mnalikumbuka. Kumbukumbu za ahadi na michango ya ujenzi, karibu miaka miwili, zilikuwa ndani ya laptopu moja ya usharika. Jioni moja baada ya kikao kikombe cha chai kilimwagika juu ya kibodi. Haikuwaka tena, na diski yake ilipopelekwa kwa fundi haikusomeka. Tulikaa wiki tatu tukipita nyumba kwa nyumba na jumuiya kwa jumuiya kuomba watu watuonyeshe stakabadhi zao. Wapo waliozitupa. Wapo mabibi waliotoa shilingi elfu mbilimbili kila Jumapili kwa uaminifu na hawana karatasi ya kuonyesha. Mama mtunza hazina alikonda. Nani amlaumu kwa kumwaga chai? Kosa letu lilikuwa kuweka yote mahali pamoja.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma Yohana 6 kwa macho mengine. Bwana alilisha maelfu kwa mikate mitano ya shayiri, mkate wa watu wa chini, na samaki wawili wa mtoto. Aliyeweza kutoa mkate pasipo na mkate, watu walipokwisha kushiba aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu. Vikajaa vikapu kumi na viwili. Angeweza kufanya mingine kesho. Bado hakuruhusu makombo yapotee nyasini.

Basi sisi tusioweza kufanya mingine kesho tuwe na nakala. Kazi yako iwe ndani ya laptopu, iwe kwenye diski ya nje au flashi inayokaa nyumba nyingine, na kama bando linaruhusu iwe pia mtandaoni. Mama mtunza hazina sasa anafanya hivyo kila Jumapili jioni, kabla hajavua kitenge cha ibada. Flashi moja inakaa kwake, nyingine inakaa kwa katibu upande wa pili wa bonde. Flashi bila jina usiipokee wala usiichomeke, ndizo zinazobeba virusi kutoka stashenari hadi stashenari.

Kiswahili sanifu kinaiita laptopu kompyuta mpakato, kutokana na kupakata, kama mama anavyompakata mtoto. Jina zuri, ingawa watoto wetu wanaipakatia kitandani juu ya blanketi, na hapo ndipo inapoumia. Matundu yake ya kupumua yako chini na ubavuni. Blanketi la Njombe likiyaziba, moto unabaki ndani, na moto ndio unaoua betri na bodi. Iweke juu ya ubao, trei, hata daftari gumu. Betri nayo haipendi kuishiwa kabisa wala kubaki imejaa pomoni siku zote kwenye joto. Ikikaa kati ya asilimia 20 na 80 kwa sehemu kubwa ya maisha yake, itakutumikia zaidi. Umeme wetu mnaujua unavyokatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo ukikatika chomoa chaja, subiri utulie. Na mzazi anayeogopa LUKU atulie: chaja ya kawaida ya wati 65, hata ikivuta nguvu zake zote bila kupumzika, inatumia uniti moja kwa saa kumi na tano. Pasi ya kunyooshea nguo inamaliza uniti hiyo kwa muda wa saa moja hivi.

Lakini chombo kizima kilichotunzwa bado si kazi. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza nia ya kutengeneza laptopu ya dola 100 kwa kila mtoto wa nchi maskini. Ilipatikana, ya kijani na nyeupe, imara, kioo chake kinasomeka juani, ingawa bei ilifika karibu dola 200. Majirani zetu Rwanda walizipokea kwa wingi. Kule Peru watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walilinganisha shule zilizopewa na zisizopewa, na taarifa yao ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba watoto waliozipata hawakuwazidi wenzao katika hisabati wala katika lugha. Ile mashine haikuwa na kosa kubwa. Kupewa mashine hakumfundishi mtoto. Kuna mkono wa mwalimu, wa mzazi, wa kaka aliyetangulia, unaopaswa kukaa kando yake.

Hapo ndipo wazazi mnahitajika, hata ambaye hajawahi kushika kibodi. Muulize mtoto, leo umefanya nini humo? Akuonyeshe. Kama jibu ni filamu kila siku, basi magunia yale ya viazi yamekwenda kununua sinema. Asiye na bando asiseme hana cha kufanya. Ipo programu ya bure iitwayo Kiwix inayobeba Wikipedia nzima ndani ya diski, ikasomeka bila intaneti, na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, imo. Kijana wetu anazo nakala, anawawekea watu bila malipo. Zipo programu za Biblia za namna hiyohiyo. Zipo za kujifunza kuchapa kwa vidole kumi, na nawasihi vijana mwanze na hilo, dakika ishirini kila siku. Mwenye kuchapa kwa vidole viwili anaandika kwa taabu mpaka anasahau alichotaka kusema.

Baba yake binti alikuja kuniona baada ya laptopu kurudi. Aliketi kwenye kiti kilekile, kofia mkononi. Hakuzungumzia kompyuta kwa muda mrefu, alizungumzia mbolea na bei ya parachichi. Kisha akasema binti ameanza kumwandikia hesabu za shamba: mbegu, mbolea, vibarua, usafiri, gunia kwa gunia. Alikuwa na karatasi amezichapisha, amezikunja mara nne kwenye mfuko wa shati. Akanifungulia. Kwa mara ya kwanza, mzee huyu aliyelima miaka thelathini aliona kwamba kipande cha shamba cha kule bondeni kinamlia fedha kila msimu. "Mchungaji," akasema, "nilidhani nimemnunulia yeye."

Nilikumbuka mwisho wa ile habari ya Yordani. Chuma kilipoelea kwa muujiza juu ya maji, Elisha hakuingia mtoni kukitoa. Alimwambia kijana akiokote mwenyewe, naye akanyoosha mkono, akakitwaa. Biblia haituambii alifanya nini baadaye, ila miti ilikuwa bado imesimama na nyumba haijajengwa. Nadhani alirudi kukata, na jioni akamrudishia mwenyewe shoka lake, zima.

Nimeuliza kwenye jumuiya zetu wiki hizi mbili, na kila jumuiya niliyouliza ina laptopu iliyolala: juu ya kabati, chini ya kitanda, ndani ya ndoo ya plastiki pamoja na vyeti. Moja ni ya mtoto aliyehitimu akanunua nyingine. Nyingine ililetwa na ndugu kutoka Dar es Salaam ikakwama wiki ya pili. Na hapa usharikani tunao vijana saba wanaokwenda vyuoni mwaka huu, watano kati yao hawana kitu.

Jumamosi hii, kuanzia saa tatu asubuhi, ukumbi mdogo utakuwa wazi. Kijana wetu wa kwaya atakuwepo na bisibisi zake, pamoja na wenzake wawili. Atakayetaka yake isafishwe alete, atalipia kipuri tu kama kipo cha kubadilisha. Aliye na ambayo haitumii na moyo wake umemtuma kuitoa, ailete pia, tutamwandikia stakabadhi na tutamwambia imekwenda kwa nani. Msiziache kwa kuona haya kwamba ni mbovu au ni za zamani. Njooni na chaja zake, na mkifika mtuambie inakwama wapi.